Upepo wa Ogweno

Amunga hakuanza na spana, alianza na amri:
nenda ukapimwe. Na kofia yako, na chupa ya maji,
na begi, na ule mkate unaoula ukifika juu.
Nikavuka barabara ya Kondele hadi posho mili,
nikapanda mizani ya magunia,
na mwenye mashine, nyusi nyeupe kwa unga, akasoma kwa sauti:
sitini na tatu na nusu.
Akauliza kama nasagwa au nakobolewa.

Ogweno alikuwa themanini na nane.
Baiskeli hii ilimjua yeye.
Mwaka wa pili huu yuko Doha, analinda mlango wa hoteli,
na shokomzoba ya nyuma bado imejaa yeye,
ngumu kama deni la ndugu.
Nikiikalia hainami. Nikishuka Riat inanitupa
kama punda aliyepewa mzigo wa jirani.

Amunga akaweka springi mezani,
mtumba wa Kibuye, koili nyekundu iliyochubuka,
nzito mkononi kama jiwe la kusagia.
Hii haina hila, alisema. Asubuhi ni hii, jioni ni hii,
mteremko mrefu hauichemshi.
Ila springi huzaliwa na kilo zake,
na hii ilizaliwa kwa mtu mnene.
Ya kwako tungoje bello nyingine ifunguliwe.
Akaigonga ile ya zamani kwa ukucha.
Hii yenu ni ya upepo. Hii hufundishika.
Lakini kwanza isahau.

Nikamwambia ngoja.

Aliijaza hapa hapa, siku mbili kabla ya ndege,
kwa pampu ya kuazima, ulimi nje, akihesabu pauni
kana kwamba zingekatwa kwenye mshahara.
Mia mbili na kumi. Nikaiandika kwa chaki ukutani,
chini ya majina ya wadaiwa wa Amunga,
na Amunga akabonyeza valvu.

Fsss.
Hata mate sikuwahi kumeza.
Harufu ya mafuta, harufu ya mpira, basi.

Tukaanza upya. Mia na ishirini, nikakaa,
nikazama kama kwenye kochi la msibani.
Mia na hamsini, pete ya mpira haikusogea hata ukucha.
Mia na thelathini na nane: nilikaa taratibu, nikashuka taratibu,
na pete ikasimama milimita kumi na nne.
Robo, na chumvi kidogo, alisema Amunga.

Kisha kile kitufe chekundu, cha kurudi.
Ukikifungua sana, kila jiwe linakupiga teke la pili.
Ukikikaza sana, shimo linalofuata
linaikuta shokomzoba bado imepiga magoti.
Hilo huwezi kulimaliza dukani.

Jumamosi nikapanda Riat kabla jua halijakasirika,
nikashuka njia ya ng'ombe kuelekea Otonglo,
kiwanja cha ndege chini yangu kama rula iliyosahauliwa.
Mialiko minne: gurudumu la nyuma likacheza,
nikapitia kichaka cha mkonge, goti likatoa ushahidi.
Nikasukuma baiskeli hadi juu. Saba:
ikazama, ikazama, haikukumbuka kuinuka.
Nikasukuma tena, nikimtukana Amunga na ukoo wake.
Sita.

Sita, mawe yale yale yakawa maneno,
na mimi nikawa nayasikia moja moja,
hata lile bapa karibu na zizi
ambalo Ogweno hulirukia akipiga kelele.
Sikulirukia. Nililipita juu yake nimenyamaza,
na nyuma yangu kitu kiliinama, kikainuka, kikatulia.

Usiku nikamtumia sauti. Akajibu akiwa zamu:
Pauni ngapi?
Nikamwambia.
Hizo ni za mtoto, Apondi.
Halafu mlango ukafunguka kwake, mtu akasalimiwa kwa Kiarabu,
akarudi kwangu polepole:
Na zangu uliziandika?

Ziko ukutani.
Mdaiwa wa juu yake alilipa jana, akafutwa,
na kitambaa cha Amunga kikaigusa ile sifuri kidogo.